Nyumba Yenye Namba ya Usajili

Lilikuwa lori la mkate. Ubavuni bado limeandikwa
MKATE LAIN, herufi ya mwisho imekwenda na kutu,
na kila tuliposimama, Usoke, Urambo, Kaliua,
watoto walitukimbilia na mia tano mkononi.
Tuna kitanda, niliwaambia. Tuna jiko la mafuta ya taa,
ndoo mbili na pazia la kitenge. Mkate hatuna.
Hawakuniamini. Nyumba gani inatoa moshi kwa nyuma?

Mume wangu Mihayo amelala miaka thelathini na moja
kwenye behewa la mwisho, taa nyekundu dirishani,
akifika nyumbani kama barua, amechelewa na amekunjika.
Alipostaafu usingizi ulimkataa.
Kitanda kimesimama, alisema. Mgongo unadai reli.
Akauza mabati tuliyoweka kwa ajili ya kujenga.
Siku nne sikusema naye. Ya tano nikashona pazia.

Kwenye kizuizi, askari alilizunguka mara mbili,
akachungulia sufuria, akanusa mto.
"Hili nilitoze kodi ya barabara au ya jengo?"
Mihayo, kwa adabu: "Afande, likienda ni gari.
Likisimama ni la mke wangu, muulize yeye."
Alituachia kwa kikombe cha wanzuki.

Maana tulibeba wanzuki, dumu la lita ishirini,
asali ya miombo kutoka kwa shemeji yangu wa Ipole
ambaye humuuzii kiburi, naye hakuuzii asali
ukianza kwa kuuliza bei.
Kwenye mashimo ya Nguruka kifuniko kiliruka,
povu likapanda ukuta, likakuta harufu ya hamira
iliyojificha kwenye mbao tangu enzi za mkate,
zikatambuana. Usiku ule nyumba nzima iliumuka.
Tulilala tukicheka, mimi na huyu mzee,
nyuki wawili waliopotea wakitembea juu ya neti.

Malagarasi tulivuka asubuhi. Uvinza nilinunua chumvi,
kwa kuwa mama alikataza kufika kwa watu mikono mitupu.
Sheria yetu ilikuwa moja: mgeni siku mbili.
Ya tatu, kabla hajaonyeshwa jembe, injini inawaka.
Ndiyo faida ya nyumba yenye namba ya usajili:
jirani hakudai, humdai. Mbuzi wa mtu
akitafuna pazia lako, unaondoka na pazia lililotafunwa.

Halafu ziwa. Hakuna aliyeniandaa.
Barabara iliteremka kati ya michikichi
na mwisho wake palilazwa anga lingine, chini.
Tukaegesha Katonga, tairi za mbele zikitazama maji.
Lilikuwa giza la mwezi; wavuvi wakawasha taa.
Mihayo alikaa kwenye ngazi akazihesabu,
midomo ikicheza, kidole hewani: arobaini na tatu.
"Treni," akasema. "Na haijachelewa."

Siku ya pili tulikula mgebuka kwa mawese
mpaka viwiko vikang'aa.

Siku ya tatu, injini ikinguruma,
mwanamke aligonga ubavu wa lori,
palepale kwenye neno MKATE. Mwavita, alisema,
kana kwamba tulikuwa tumemuuliza.
Alishika reki mbili,
na wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa Kongo.
"Dagaa wangu wako mchangani, mvua ile inakuja.
Nyinyi mnatazama tu?"

Nilimgeukia Mihayo. Hakunitazama.
Alikuwa anasikiliza injini, kama asikilizavyo
kikohozi cha mtu wa nyumbani.
Akaizima.

Mpini ulikuwa mfupi, umelainishwa na viganja vya wengine.
Nilivua kandambili, nikashuka.

Jioni kitanda kilijaa mchanga, pazia magamba,
na mtoto mmoja alisimama mlangoni
na mia tano yake, kuulizia mkate.
Nilimwambia arudi kesho.